Kukusanya mahitaji ya maendeleo katika barangay za Bangsamoro: hatua, vipimo na mitego

Orodha ya mahitaji ya barangay moja (ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa nchini Ufilipino) ya Bangsamoro, mkoa wa Waislamu wenye mamlaka yake kusini mwa nchi hiyo, inaweza kupatikana kwa asubuhi moja. Ita watu ukumbini, uliza wanataka nini, andika barabara, maji, mkunga, sakafu ya kuanikia mpunga, piga picha ya pamoja, ondoka. Orodha hiyo itafanana na ya barangay jirani neno kwa neno, na kitu pekee itakachothibitisha ni nani aliyekaa viti vya mbele siku ile.

Mwongozo huu ni wa timu ndogo, iwe ya shirika, ya manispaa au ya wizara ya serikali ya Bangsamoro, inayotaka orodha ambayo mhasibu anaweza kuipangia fedha na ambayo majirani hawataigombania mwaka unaofuata. Kwa barangay ya kaya 150 hadi 300 tenga siku nane za kazi ndani ya wiki tatu au nne. Mikutano yenyewe itakula siku mbili. Siku sita zilizobaki ni za kabla na baada, na ndizo hukatwa kwanza bajeti inapobana. Kata chakula cha wageni, kata fulana zenye nembo, lakini siku hizo usiziguse.

Watu watano wanatosha: mwezeshaji mwanamke, mwezeshaji mwanamume, makarani wawili ambao angalau mmoja ni mwanamke, na mwenyeji wa manispaa hiyo asiyetoka ndani ya barangay yenyewe. Huyu wa mwisho anajua nani ni shemeji wa nani, lakini hana shamba linalopakana na la mtu yeyote hapo. Wote waongee lugha ya mahali: Kimaguindanao, Kimaranao, Kiiranun, Kitausug au nyingine. Kitagalog kinaeleweka na wengi, hasa vijana, ila mama wa miaka 60 akiulizwa kwa Kitagalog atajibu kwa kutikisa kichwa, na karani ataandika “amekubali”.

Soma kwanza yaliyokwisha kuulizwa

Mkataba wa amani wa 27 Machi 2014 kati ya serikali ya Ufilipino na MILF, kundi la wapiganaji Waislamu wa huko, kisha Sheria namba 11054 ya mwaka 2018 na kura za maoni za Januari na Februari 2019, vilileta serikali ya mkoa yenye mamlaka yake. Sheria hiyo iliahidi peso bilioni 5 kila mwaka kwa miaka 10 kwa ajili ya kujenga upya maeneo yaliyoharibiwa na vita, mbali na ruzuku ya kila mwaka inayokokotolewa kwa asilimia 5 ya makusanyo halisi ya kodi na ushuru wa taifa. Fedha zilivuta wageni, na kila mgeni alikuja na dodoso. Kabla yao walikuwa wamepita wengine: Shirika la Maendeleo la Bangsamoro, lililoundwa mwaka 2002, lilipita vijijini kuandaa mpango wa kwanza wa maendeleo uliotolewa mwaka 2014, na Tume ya Haki ya Mpito na Maridhiano ilisikiliza jamii zaidi ya 200 mwaka 2015.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kazi haifanyiki kijijini. Nenda ofisi ya mipango ya manispaa, omba mpango wa maendeleo wa barangay hata kama ni wa miaka mitano iliyopita, omba ripoti za miradi iliyofadhiliwa na wahisani, kisha tengeneza ukurasa mmoja wenye safu tatu: kilichoombwa, kilichojengwa, kinachofanya kazi leo. Ukurasa huo ndio utakaoufungua mkutano. Mtu aliyejibu maswali yaleyale mara nne hana sababu ya kuyajibu mara ya tano, ila akiona unajua pampu ya mwaka fulani ilikufa na kwamba hakuna aliyerudi kuitazama, ataanza kusema mambo ambayo hayamo kwenye ripoti.

Kupiga hodi

Milango ni mitano na yote igongwe ndani ya wiki moja, kwa barua yenye maneno yaleyale: meya, kapitan (mkuu) wa barangay, kamanda wa MILF wa eneo hilo, sultani au datu (chifu) pamoja na wazee, imamu na walimu wa madrasa. Pakiwa na Wateduray au jamii nyingine ya asili isiyo ya Kimoro, yaani isiyo ya Waislamu wa huko, kuna mlango wa sita, wa timuay wao (kiongozi wa jadi), na huo haugongwi kupitia kwa kapitan. Pale mradi unapogusa ardhi yao ya asili, Sheria ya Haki za Wenyeji wa Asili ya mwaka 1997 inataka ridhaa yao huru, ya mapema na yenye taarifa kamili. Sahihi ya barangay haiwezi kusimama mahali pa ridhaa hiyo.

Kwa nini wiki moja? Aliyepata habari wa mwisho ndiye atakayeupinga mradi, hata kama mradi wenyewe unamfaa. Na barua iwe na maneno yaleyale kwa sababu watalinganisha, bila shaka yoyote. Ukimwandikia meya “mradi” na kamanda “mazungumzo”, umeshaanza kuulizwa unaficha nini.

Ikiwa njia inapita karibu na kambi za MILF au vituo vya jeshi, taarifa ipite pia kwa kamati za kusimamia usitishaji mapigano, upande wa serikali na upande wa MILF. Wape tarehe, idadi ya magari na majina ya timu siku tano kabla. Gari lisilofahamika kwenye barabara ya shamba huleta simu, na simu huleta watu wenye silaha.

Usimwachie kapitan achague waalikwa. Wengi ni watu wema, lakini si ajabu kapitan wa barangay ya mbali akawa anaishi mjini, na jamaa wanaomletea habari ndio atakaowaita. Mwombe afungue mkutano, amshukuru kila mtu, kisha aende kunywa kahawa na mmoja wa timu yako wakati vikundi vinaendelea. Hili mkubaliane siku ya kupiga hodi. Ukisubiri kumwambia mbele za watu, utamvunjia heshima, na kwa Wamaranao hasa, jambo la heshima halisahauliki kirahisi.

Rido

Uhasama wa koo, ambao huko wanauita rido, ndio unaovunja mashauriano mengi kuliko tofauti za kisiasa ambazo wageni huzihofia. Chanzo chaweza kuwa mpaka wa shamba, uchaguzi wa barangay, binti aliyetoroshwa, deni. Familia mbili zilizo kwenye rido hazitaketi chumba kimoja, na zikiketi, watu wengine wote watanyamaza wakizitazama.

Uliza mapema, na waulize wanaotembea pande zote: wachuuzi wanawake, walimu, madereva wa pikipiki. Swali lisiwe “kuna ugomvi hapa?” kwa sababu jibu ni hapana. Uliza: “Kuna mtu ambaye hapiti barabara hii?” “Nikiweka mkutano kwa kapitan, nani hatakuja?” Majibu mawili au matatu yanayofanana yanatosha.

Pakiwa na rido hai, fanya vikao viwili mahali pawili, kwa siku mbili tofauti, na mahali pasiwe nyumba ya mtu. Madrasa au shule ya msingi hufaa. Ukumbi wa barangay mara nyingi umejengwa jirani na nyumba ya kapitan, na hapo tayari umechagua upande bila kujua. Silaha zibaki nje, zikiwa chini ya wazee wa kila upande. Timu yako isikubali kuzishika hata kwa dakika kumi. Na jambo hili liandikwe kwenye daftari la mratibu tu: usipendekeze mradi wowote ambao bomba, njia au mtaro wake unakatiza katikati ya mashamba ya koo hizo mpaka wapatanishi wamalize kazi yao.

Hesabu watu mwenyewe

Takwimu rasmi zitumie kwa tahadhari. Sensa ya 2007 iliupa mkoa wa zamani, ARMM, watu milioni 4.1, ile ya 2010 ikapata milioni 3.25. Watu karibu laki tisa hawakuhama kwa miaka mitatu. Mgao wa fedha ulifuata idadi ya watu, na idadi ikafuata mgao. Chukua viongozi wa kila sitio (kitongoji cha barangay), tembea nao nusu siku, hesabu paa zenye moshi, na uliza kila baada ya nyumba tano wanalala watu wangapi. Utapata makisio yanayofaa kupimia tangi la maji, na hilo ndilo unalohitaji.

Kisha uliza nani hayupo. Hapa Marawi ni somo la peke yake. Mapigano yalianza 23 Mei na kwisha 23 Oktoba 2017, barangay 24 za katikati ya mji zikawa kifusi, na watu zaidi ya 350,000 wakahama mjini na vitongojini. Wengi wao walikaa kwa ndugu, si kambini. Anayeitisha mkutano penye kifusi anapata wakandarasi na wachache waliorudi. Wenye viwanja wako Iligan, Saguiaran na kwingineko. Kwa maeneo ya namna hii nusu ya vikao vifanyike walipo watu, na kila kikao kianze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, kwa haki kabisa: fidia ya mali, ambayo ina sheria yake ya mwaka 2022 na bodi yake, na mahitaji ya pamoja, ambayo ndiyo uliyokuja kuyasikia. Usipotenganisha, saa mbili zote zitakwenda kwenye fidia na hutakuwa na jibu lolote la kutoa.

Siku na saa

Adhuhuri huko huingia karibu na saa 6 mchana mwaka mzima, na Alasiri karibu na saa 9. Kikao cha asubuhi kiwe saa 2:00 hadi 5:15, cha mchana saa 7:30 hadi 8:45. Ukipanga kikao kiishe saa 6 kamili, wanaume watatoka katikati ya upangaji wa vipaumbele na kura itapigwa na waliobaki. Ijumaa iache. Ramadhani fanya asubuhi tu, kwa muda mfupi, bila chai wala maji mezani. Kumi la mwisho usifanye kabisa. Epuka siku ya soko, wiki za kupandikiza na kuvuna mpunga, na msimu wa kampeni za barangay, ambao huko ni wakati wa kukaa mbali kwa sababu za usalama pia.

Chakula kipikwe na wanawake wa hapohapo na walipwe taslimu siku ileile. Suala la halali linaisha lenyewe, na fedha inabaki kijijini.

Vikundi, na jinsi ya kuandika bila kuhatarisha mtu

Gawa watu kwenye vikundi vya watu 8 hadi 12, kila kimoja dakika 75 hadi 90: wanawake wenye watoto, wanawake wazee na wajane, wakulima au wavuvi wanaume, vijana wa kike na vijana wa kiume katika vikundi tofauti, wapiganaji wa zamani na wake zao katika vikao viwili, waliorudi kutoka ukimbizini, na wasio Waislamu kama wapo. Mtu mwenye ulemavu mfuate nyumbani; njia ya kufika ukumbini ni sehemu ya tatizo unalouliza.

Wapiganaji wa zamani wanahitaji uangalifu. Aliyesalimisha silaha kwenye mpango wa amani aliahidiwa malipo ya peso 100,000 na msaada zaidi baadaye. Jirani yake aliyekimbia mara tatu bila kushika bunduki hakuahidiwa kitu. Ukiwaweka pamoja, mmoja atadai ahadi na mwingine atanung'unika. Wakiwa mbali, wote wawili watakuambia kwamba mtoto wa miaka kumi anatembea saa nzima kwenda shule.

Karani aandike “mwanamke, miaka 30 na kitu, sitio ya mtoni”, asiandike jina. Karatasi ya mahudhurio inayotakiwa na mhasibu iwe tofauti kabisa na kumbukumbu za mazungumzo, na isemwe wazi mbele za watu kwamba hiyo ni ya hesabu ya chakula. Vinginevyo nusu wataiona kuwa orodha ya watakaopewa msaada na watagombania kuandikwa, nusu wataiona kuwa orodha ya jeshi na wataondoka kimyakimya. Ufilipino ina Sheria ya Faragha ya Taarifa ya mwaka 2012, lakini hata bila sheria, daftari lenye majina likipotea kwenye kizuizi cha barabarani linaweza kumdhuru mtu. Hakuna picha kwenye kikundi cha wapiganaji wa zamani. Kwenye vikundi vya wanawake, picha ni kwa ruhusa yao wenyewe, si ya waume zao wala ya kapitan.

Maswali yanayozaa majibu

“Mnahitaji nini?” ni swali bovu. Watu wenye uzoefu wa miradi watakutajia kile ambacho shirika lako linajulikana kutoa. Dereva wako akiwa na fulana ya mradi wa maji, maji yatakuwa namba moja. Hilo si kosa lao.

Anza na ramani chini, kwenye vumbi au sakafu, kwa vijiti na chaki. Waache wachore mto, msikiti, mashamba, njia. Usishike kijiti wewe. Kisha uliza mahali ambapo watu hawapiti na kwa nini; hapo utajua kuhusu mafuriko, rido na mabaki ya mabomu kwa swali moja. Mahali penye mabomu pawekewe alama, timu isiende kupatazama, taarifa ipelekwe polisi au jeshi kupitia manispaa siku hiyohiyo.

Halafu fuata jana. Jana maji yalitoka wapi? Nani alichota, mara ngapi, alisubiri muda gani? Mara ya mwisho mwanamke kujifungua hapa, alipelekwa wapi, kwa nini kwenye chombo kile, alilipa nani? Gunia la mwisho la mahindi liliuzwa kwa nani, na nusu ya bei iliishia wapi? Maswali haya yana jibu moja la kweli, na anayejibu hahitaji kukupendeza.

Mfano wa kinachotokea: wanaume watasema zahanati. Ukifuata jana kwa wanawake, unakuta zahanati ipo kilomita nne, mkunga yupo siku mbili kwa wiki, na kikwazo ni kivuko cha mto kisichopitika mvua zikinyesha. Zahanati ya pili ingejengwa, isingepata mkunga, na ng'ombe wangejikinga jua humo. Daraja la miguu la mita kumi na mbili lingemaliza shida kwa gharama ndogo zaidi.

Punje kumi kila mtu

Kila kikundi kikishataja mambo sita hadi manane, yachorwe kila moja kwenye kadi. Kila mtu apewe punje kumi za mahindi, azigawe apendavyo kwenye makopo yenye kadi hizo. Makopo yawe na vifuniko vilivyotobolewa na yawe nyuma ya pazia. Bila kifuniko, anayefuata anaona rundo na anaongeza palepale. Bila pazia, mke wa kamanda akitangulia, wote watamfuata. Mtu mwenye heshima kubwa kikundini apige mwisho.

Tuseme wanawake 12 wana punje 120: maji 48, mkunga 36, mtaji mdogo 12, madrasa 10, sakafu ya kuanikia 8, barabara 6. Wakulima wanaume 12: barabara 51, sakafu 33, madrasa 14, maji 9, mtaji 7, mkunga 6. Hapa timu nyingi huharibu kazi yote kwa kujumlisha. Ukiwa na vikundi vitatu vya wanaume na viwili vya wanawake, jumla itakuwa barabara, kila mara, katika kila barangay. Usijumlishe. Bandika matokeo ya kila kikundi kwenye safu yake, karatasi moja kubwa, na acha tofauti ionekane. Huo mpishano wa 48 na 9 ndio habari yenyewe.

Mapendekezo mawili huleta matata. Mtaji mdogo wenye riba utakataliwa, hadharani au kwa kutolipwa. Leta muundo wa mkopo usio na riba au ubia wa faida na hasara, na imamu aupitie kabla ya kikao. Ufugaji wa nguruwe unaweza kuwa ombi la halali la familia za Kiteduray zisizo Waislamu. Ujadiliwe kwao na kwa mfuko wao, na suala la mto gani utapokea maji machafu lijibiwe kabla halijawa ugomvi.

Tembea, pima, uliza shamba ni la nani

Siku inayofuata mikutano ya vikundi ni ya miguu. Chukua mradi wa maji: ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Chemchemi ikijaza ndoo kwa sekunde 40, inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku nzima. Watu 900 kwa kiwango cha chini cha lita 15 kila mmoja wanahitaji 13,500. Inaonekana ni nyingi mno, mpaka ukumbuke kwamba usiku hakuna anayechota. Kwa saa sita za kuchota zinapatikana lita 10,800 tu, na foleni inabaki palepale. Tangi la lita 5,000 linaziba pengo. Bomba moja kwa watu 250 ni mabomba manne, na nyumba ya mbali isizidi mita 500. Pima miezi ya ukame, au uliza mzee wa hapo chemchemi ilifikia wapi mwaka wa El Niño, ambayo huko huleta ukame. Kipimo cha msimu wa mvua kimeua miradi mingi.

Kisha ardhi. Mashamba mengi hayana hati, au yana hati ya mtu aliyeondoka miaka ya 1970, au yana madai mawili. “Shamba ni la ami yangu, amekubali” ni jibu la kuanzia mazungumzo. Unataka karatasi katika lugha ya mahali yenye: ukubwa wa kipande kwa mita, kazi yake, njia ya kukifikia, sahihi au dole gumba la mwenye shamba, mkewe na watoto wote wazima, mashahidi wawili na muhuri wa barangay. Wakikubali kulifanya wakfu, vizuri, lakini wakfu nao uandikwe. Ahadi ya mdomo huishia siku mwenye shamba anapozikwa; warithi hufunga geti la pampu, na rido mpya ina tarehe ya kuzaliwa.

Shura ya kufunga

Baada ya siku tano hadi saba, wakati watu wamekwisha kulijadili nyumbani, ita wawakilishi wawili wa kila kikundi waliochaguliwa na kikundi chenyewe. Karatasi ya safu iwe ukutani. Pendekeza utaratibu huu: jambo lililoingia tatu bora katika angalau kikundi kimoja cha wanawake na kimoja cha wanaume linajadiliwa kwanza, kisha kila upande unapata jambo moja lisilopingwa. Timu yako ilete majibu ya kutembea: nini kinawezekana, kwa kiasi gani, kwa ardhi ya nani. Maamuzi ni yao. Shura ikikwama, ahirisha kwa siku mbili badala ya kupiga kura ya mikono. Kura ya mikono huacha walioshindwa wakijulikana kwa sura.

Pesa iko wapi

Hapa ndipo orodha nyingi hufia droani. Kila jambo liandikiwe mfuko wake. Asilimia 20 ya mgao wa barangay kutoka taifa ni ya miradi ya maendeleo. Angalau asilimia 5 ya bajeti ni ya masuala ya jinsia; mkunga anaweza kuingia humo. Asilimia 5 nyingine ni ya maafa, na kivuko kinachosombwa na mafuriko kinastahili. Asilimia 10 ya mfuko mkuu wa barangay ni ya baraza la vijana. Yanayozidi uwezo wa barangay yapelekwe manispaa na kwa mamlaka ya mipango ya Bangsamoro, yakitaja kipengele husika cha Mpango wa Maendeleo wa Bangsamoro wa 2023–2028. Kwa utaratibu wa barangay soma pia sheria ya serikali za mitaa ya Bangsamoro ya mwaka 2023, si ile ya taifa ya 1991 peke yake.

Kalenda ina nguvu kuliko hoja. Mwaka wa fedha huanza Januari na bajeti hufika mezani katikati ya Oktoba, kwa hiyo mashauriano ya Novemba yanasubiri karibu mwaka mzima na watu wanakuhesabu kuwa mwongo. Lenga Mei hadi Julai, uikwepe Ramadhani pale inapoangukia. Mkutano mkuu wa barangay, ambao hufanyika Machi na Oktoba, utumike kuisoma orodha iliyokubaliwa mbele ya wote na kuiingiza kwenye mpango wa barangay kwa azimio lenye namba.

Kurudi

Rudi ndani ya siku 30, hata kama huna jipya. Bandika karatasi mbili, moja msikitini au madrasani, moja dukani, kwa lugha ya mahali na kwa michoro: kilichoombwa, aliyepelekewa, tarehe, jibu. Jambo lililokataliwa liandikwe kuwa limekataliwa na sababu yake kwa mstari mmoja. Namba ya simu ya malalamiko iwe ya mtu asiye kapitan wala jamaa yake, na iwe na mwanamke wa kupokea kwa siku mbili maalumu za wiki. Nakala tatu za orodha kamili zibaki: kwa katibu wa barangay, kwa mwalimu mkuu wa madrasa, na kwa mwanamke aliyechaguliwa na vikundi vya wanawake. Uchaguzi ukibadilisha kapitan, nakala ya ofisini huwa ya kwanza kupotea.